Saa Nne Ikifika, Tule Nini?

Ndugu zangu wa Thika na Ruiru, naomba tuzungumze juu ya dakika kumi na tano.

Chakula cha mchana kina mwenyewe, na chajio kina mwenyewe. Kila nyumba ina desturi yake na sitaki kuingilia sufuria ya mtu. Dakika ninazozisema ni zile za saa nne asubuhi, na ndugu zake wa saa kumi jioni, tumbo linapoanza kudai na mkono ukashika chochote kilicho karibu. Eneo la viwanda la Thika linazijua vizuri. Lango linafunguliwa, watu wenye ovaroli na kofia za wavu wanamiminika nje, na hapo ng'ambo ya barabara zimeshapangwa ndoo nyeupe za plastiki: mandazi katika moja, KDF, yale mandazi mazito, katika nyingine, chupa za chai ya maziwa, kreti ya soda kivulini. Mtu analipa, anakula amesimama, anapangusa mafuta kwenye suruali, anarudi ndani. Ukimuuliza kwa nini amekula kile, atakuambia ukweli: ndicho kilichokuwapo.

Nami nilikuwa mmoja wao. Kwa miaka kadhaa nilishinda kwenye stoo ya kiwanda kimoja hapa mjini, nikitoka Ruiru alfajiri kabla watoto hawajaamka, na saa nne yangu ilikuwa KDF mbili na soda baridi. Nilizipenda, sitadanganya. Lakini ikifika saa tano na nusu nilikuwa mtu mwingine: miayo, kichwa kizito, hesabu ya magunia naianza mara tatu, na njaa imerudi kana kwamba sikutia kitu mdomoni. Nilidhani ni kazi. Baadaye nikadhani ni umri.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja wa Makongeni. Siku hiyo nilichelewa kutoka, ndoo za langoni zilikuwa zimeshakwisha, nikatembea hadi karibu na steji. Alikuwa na sufuria kubwa iliyofunikwa, na juu ya kifuniko amefunga kitambaa kizito ili joto lisitoke. Alipofunua, mvuke ulipanda na harufu ya udongo wa bondeni. Akachukua nduma moja, akaishika kwa karatasi, akapitisha kisu chini ya lile ganda lenye manyoya, likatoka lote kwa utepe mmoja. Ndani ni rangi ya majivu yenye michirizi ya zambarau. Akakata vipande vinne, akanyunyiza chumvi aliyoibana kwa vidole viwili. "Shika, mwanangu," aliniambia. "Hii itakushika mpaka saa saba." Nilimlipa shilingi 30. Saa saba ilipofika ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimewaza chakula tangu asubuhi.

Alichosema mama yule kimewahi kupimwa. Mwaka 1995, katika Chuo Kikuu cha Sydney nchini Australia, mtafiti Susanna Holt na wenzake waliwalisha watu wa kujitolea vyakula 38, kila kimoja kwa kipimo chenye nguvu sawa, kilokalori 240, kisha wakawauliza kila baada ya robo saa, kwa muda wa saa mbili, wanajisikia wameshiba kiasi gani. Mkate mweupe ulipewa alama 100 ili vingine vilinganishwe nao. Viazi vya kuchemsha vilipata 323, vikavipita vyote. Uji wa oti ulipata 209, machungwa 202, mayai 150. Donati, ambayo ni binamu wa andazi, ilipata 68, na keki 65. Chipsi, ambazo ni viazi vile vile vilivyopitia mafutani, zilipata 116. Kundi lililopimwa lilikuwa dogo, na nduma na ngwaci, yaani viazi vitamu, hazikuwamo katika orodha yao. Lakini yeyote aliyewahi kwenda shamba na ngwaci mbili mfukoni anajua zingeangukia upande gani.

Sababu yake inaeleweka. Ngano ya unga mweupe imeshavuliwa kapi na kiini chake. Ikikutana tumboni na sukari ya soda, mwili unazisaga mbio, sukari ya damu inapanda kwa ghafla, insulini inakuja kuishusha, na wengi wetu tunajikuta na njaa kabla ya wakati wake. Chakula chenye maji, nyuzinyuzi na protini hukawia tumboni. Tena kinataka kutafunwa, na muda ule wa kutafuna ndio unaolipa tumbo nafasi ya kukiarifu kichwa kwamba limepata chake. Soda haitafunwi. Inapita tu, na tumbo halihesabu kwamba limelishwa, ilhali chupa moja ya nusu lita yenye sukari kamili huwa na gramu 50 hivi za sukari, yaani vijiko vya chai 12 au zaidi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayokula kwa siku, na kwamba ingekuwa bora zaidi ikikaa chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima hiyo asilimia 5 ni takriban gramu 25. Kwa hiyo chupa moja ya saa nne imeshakula posho ya siku mbili.

Tangu siku ile ya nduma nimekuwa mtu wa kuchungulia masufuria ya wenzangu, na nimegundua jambo dogo ambalo naligawa kwa kila anayenisikiliza. Vitafunio vilivyo bora huku kwetu karibu vyote huja na ganda lake. Ndizi ina ganda. Yai lina ganda. Chungwa, ngwaci, nduma, njugu, parachichi, mahindi ya kuchemsha ndani ya majani yake. Ganda hilo ndilo pakiti, ndilo kinga dhidi ya vumbi la barabarani na mikono ya watu, na halihitaji friji wala leseni. Ukiwa steji ya Ruiru saa kumi na moja jioni, watu wamebanana, gari halijajaa, moshi kila mahali, chenye ganda ndicho unachoweza kula kwa amani.

Nisiwe mtu wa kusifu tu. Njugu karanga zenyewe, katika kipimo kile cha Sydney, zilipata 84 pekee, kwa sababu zimejaa mafuta, na kilokalori 240 za njugu ni konzi moja tu inayokwisha mara moja. Lakini robo nzima ya uzito wa njugu ni protini, na mafuta yake ni ya aina njema. Kosa letu ni kuzila peke yake, tukiziokota moja moja mpaka pakiti tatu zimekwisha. Kula konzi moja pamoja na ndizi, au pamoja na chungwa, na utaona tofauti. Vivyo hivyo ngwaci: peke yake ni wanga mwingi, lakini ukiipa yai au kikombe cha maziwa lala, imekuwa chakula kamili kwa bei ambayo haifiki ya soda na keki.

Kuna jambo linaloniuma zaidi ya hayo yote, nalo ni kwamba sisi watu wa huku ndio tunaolisha wengine. Tazama tulipo. Ukitoka Thika kuelekea Garissa, mashamba ya mananasi ya Del Monte yanakusindikiza safu kwa safu. Kiwanda cha maziwa cha Brookside kiko Ruiru. Hata kahawa imebeba jina la mji wetu, Ruiru 11, mbegu iliyotolewa mwaka 1985 na watafiti wa papo hapo Ruiru. Na makadamia! Mti huo wa Australia uliletwa Kenya mwaka 1946 na mlowezi Bob Harries, akauotesha katika shamba lake karibu na Thika. Mwaka 1974 Mjapani Yoshiyuki Sato akaanzisha kampuni ya Kenya Nut, na leo nchi yetu ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa makadamia duniani. Mwaka 2009 serikali ilipiga marufuku kusafirisha nje makadamia ambazo hazijabanguliwa, ili kazi ya kubangua ibaki kwa watu wetu. Hivyo wako dada zetu wanaoshinda mezani wakichagua kokwa nyeupe, moja moja, zipelekwe Japani, Ulaya na Marekani, ambako mtu anakula kiganja kimoja kati ya mlo na mlo na kuhesabu kwamba amejitendea mema. Saa nne ikifika, dada huyo anatoka nje kununua andazi.

Simwambii anunue makadamia za dukani. Bei yake naijua. Lakini wangapi kati yetu wana mti nyuma ya nyumba, au wana shangazi mwenye mti Gatundu, Gatanga au Kandara? Katika nyumba niliyolelewa, ngazi ya saruji ya mlango wa nyuma ilikuwa na kijishimo kilichochimbika kwa miaka ya kupondea makadamia. Unaiweka njugu humo isiteleze, unashika jiwe bapa, unapiga mara moja kwa nguvu ya kadiri: ukipiga kidogo inaruka, ukizidisha kokwa inasagika na ganda lake. Ikipasuka vizuri, kokwa inatoka nzima, ya mviringo, na inaacha mafuta kwenye vidole. Tulikula tano sita tukaenda kuteka maji. Siku hizi naona njugu hizo zinaokotwa zote kwa ajili ya wanunuzi wanaopita na mizani, na watoto wa nyumba hiyo hiyo wanatumwa dukani na shilingi 10 ya krispi. Tuuze, ndiyo, ada ya shule haisubiri. Lakini tubakishe debe moja la watoto.

Na hapa lazima nizungumzie aibu. Kwa muda mrefu tumefundishwa kuona nduma na ngwaci ni vyakula vya kijijini, vya mtu asiye na pesa ya mkate. Nimewaona vijana ofisini wakila ngwaci yao wamegeukia ukuta. Hebu tujiulize: siku ya ruracio, mahari inapoletwa, wakwe wanapoingia uani, wageni wazito kuliko wote, huwa tunawaandalia nini pamoja na chai? Nduma na ngwaci, zimepangwa kwenye sinia, zimefunikwa kwa kitambaa safi. Tunampa mkwe kilicho cha heshima, kisha sisi wenyewe siku ya kazi tunakionea aibu. Hoteli kubwa za Nairobi zimeshagundua. Zinaziweka kwenye meza ya kifungua kinywa na mgeni analipa bila kuuliza. Kijana, geuka, uupe ukuta mgongo. Kula ngwaci yako tukikuona.

Zaidi ya hayo, ngwaci imeshatunukiwa mbele ya dunia nzima. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilikwenda kwa watu wanne, na watatu kati yao walitunukiwa kwa kazi ya viazi vitamu vya rangi ya chungwa: Maria Andrade wa Cape Verde, Robert Mwanga wa Uganda, jirani yetu kabisa, na Jan Low, mtafiti wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi aliyekuwa na makao Nairobi. Rangi ile ya chungwa inatokana na kiini ambacho mwili hugeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho ya mtoto na kumpa nguvu ya kupambana na maradhi. Mbegu zake ziko nchini. Ukizipata ngwaci hizo sokoni, zichague kwanza kwa ajili ya wadogo.

Watoto ndio hasa walionifanya nishike kalamu. Mtoto wa darasa la pili akitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, amekunywa chai na kipande cha mkate, tumbo lake dogo haliwezi kusubiri saa saba. Anapewa shilingi 20 za mapumziko. Nje ya lango la shule anakuta nini? Krispi za pakiti zinazong'aa, peremende, barafu za rangi nyekundu na kijani. Wahenga walisema kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Langoni mwa shule nimeona hicho kinachojitembeza ndicho kinachokwisha, na ndizi iliyotulia kwenye beseni inarudi nyumbani na mama aliyeileta.

Wenye umri wangu watakumbuka kwamba nchi hii iliwahi kuliona jambo hilo kuwa la taifa. Mwaka 1979 Rais Moi alianzisha maziwa ya Nyayo, na watoto wa shule za msingi wakawa wanapewa maziwa bure shuleni. Mpango ulikuja kufifia na kukoma katika miaka ya tisini. Lakini mpaka leo ukitaja maziwa ya Nyayo mbele ya watu wazima, sura zinabadilika. Kila mmoja ana hadithi ya foleni, ya pakiti iliyopasuka, ya rafiki aliyenywa mbili. Kitafunio kimoja, na watu wanakikumbuka miaka arobaini. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi, na elimu ya chekechea imewekwa mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo kaunti yetu ya Kiambu inapoita wananchi kutoa maoni juu ya bajeti, tusiwaachie ukumbi wanaotaka lami peke yao. Twende tukaulize uji wa watoto umetengewa kiasi gani. Tuulize vilevile vibanda vya wauza matunda vitajengwa wapi, na kama vitakuwa na bomba la maji.

Wazazi wenzangu, kabla kaunti haijatusikia, kikopo chenye kifuniko kinatosha. Nusu ya mahindi ya kuchemsha. Ndizi ndogo mbili. Yai. Ngwaci ya jana usiku. Ikipoa haiharibiki ladha, wengine wanaipenda hivyo zaidi. Uji wa wimbi kwenye chupa ya chai, na wimbi lina kalisi nyingi kuliko nafaka nyingi tulizozoea. Parachichi lililopondwa na kupakwa kwenye mkate badala ya siagi ya kopo. Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano, njugu nzima usimpe, zinaweza kumkaba. Zisage, umchanganyie katika uji.

Na kwa kuwa nimetaja njugu na mahindi, nisipite bila kuwakumbusha mwaka 2004. Sumukuvu ilipoingia katika mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Ukambani ndiko kulikoumia zaidi, Makueni na Kitui, lakini wilaya ya Thika nayo ilikuwa miongoni mwa zilizoguswa. Sumu hiyo haitoki kwa kuchemsha wala kwa kukaanga. Ukiona njugu imesinyaa, imebadilika rangi, ina ukungu, au umeionja ikawa chungu, iteme, na usiwape kuku. Nunua kwa muuzaji anayezianika na kuzichambua, na mama anayezichambua mbele yako usimwombe apunguze bei. Unamlipa kwa kazi ya macho yake.

Matunda yaliyokatwa nayo yana masharti yake. Nanasi la Thika lililokatwa vipande na kukaa juani tangu asubuhi, inzi wakilizunguka, linaweza kukupa homa ya matumbo badala ya vitamini. Mwombe akukatie jipya ukiwa hapo, na uangalie kisu chake kimeoshwa kwa maji gani. Wengi wanafanya vizuri, wana ndoo ya maji safi na wavu wa kufunika. Hao tuwajue na tuwafuate. Mwenye kisukari asichukue maneno yangu kama dawa: hata ngwaci na ndizi zina kipimo chake kwako, na nesi wa kliniki yako ndiye anayekujua. Kuna pia chai. Chai hukamata madini ya chuma ya chakula na kuyazuia yasiingie mwilini, kwa hiyo mama mjamzito anayekula kunde au maharagwe ainywe baada ya saa moja hivi, na badala yake ale chungwa papo hapo, kwani vitamini C hufanya kinyume, huyafungulia mlango.

Sasa naomba niseme na watu kadhaa mmoja mmoja.

Kwa akina mama wa ndoo: sikuja kumwaga biashara yenu. Andazi limesomesha watoto wengi wa Thika, na mimi nitaendelea kula moja siku moja moja. Ninachoomba ni sufuria ya pili. Weka ngwaci ishirini kando ya mandazi yako kwa wiki moja, na mayai ya kuchemsha trei moja. Weka chumvi kwenye kikopo chenye matundu, na kachumbari kwa anayetaka. Yai haliozi siku hiyo hiyo, na ngwaci iliyobaki inakuwa chajio, kwa hiyo hasara yake ni ndogo. Nyanya na vitunguu vya kachumbari oshea kwenye maji uliyochemsha. Tena mafuta ya kukaangia, yakishakuwa meusi kama chai ya rangi na yanatoa povu, yamechoka. Yamwage.

Kwa mameneja wa viwanda, kuanzia Thika hadi zile ghala mpya za Ruiru kando ya barabara ya bypass: mfanyakazi aliyekula vizuri saa nne hakati kidole saa tano na nusu. Nimefanya kazi kwenu, ninajua. Hamhitaji kujenga kantini ya mamilioni. Jengeni paa la mabati nje ya lango, mbao za kukalia, bomba moja la kunawia mikono, na muwaruhusu akina mama waingie kivulini badala ya kufukuzwa na walinzi. Maji ya kunywa yawepo ndani, safi na bure, ili soda isiwe jibu la kiu. Na dakika kumi na tano ziwe kumi na tano kweli, kwa maana anayekimbizwa hawezi kumenya nduma.

Kwa walimu wakuu na bodi za shule: nyinyi ndio mnaoamua nani anauza langoni na duka la shule linaweka nini. Fanyeni wiki moja ya majaribio, ndizi na mayai na mahindi tu, kisha waulizeni walimu wa vipindi vya kabla ya saa saba darasa limekuwaje.

Kwa vyama vya akina mama, vikundi vya kanisa, mikutano ya Jumapili alasiri ambako kila mara huletwa mkate mweupe, keki na soda ya lita mbili: sisi ndio tunaopanga menyu hizo, hakuna anayetulazimisha. Mwezi ujao ni zamu yangu katika chama chetu. Nitaleta nduma, njugu za kukaanga, na tikiti maji nitakalolikata wageni wakiwa wameketi. Nimeshawaambia wenzangu na wawili wamenuna. Tutaona sinia litarudi na nini.

Na kwako wewe unayesoma ukiwa ndani ya matatu, umekwama Githurai, umekuwa kazini tangu asubuhi na dirishani amesimama kijana mwenye krispi mkono huu na njugu mkono ule. Ninazijua hizo saa kumi na moja. Hiyo barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa mwaka 2012 tulidhani tutakuwa tunafika nyumbani mapema. Bado tunafika na njaa ya kumkaripia mtu asiye na kosa. Chukua njugu. Ukiwa na ndizi mkobani, bora zaidi. Utafika nyumbani hujamaliza sufuria kwa macho kabla chakula hakijaiva.

Mimi mwenyewe siku yangu ni Jumapili usiku. Watoto wakishalala naosha ngwaci kwa brashi, siziambui, naziweka kwenye sufuria nzito na maji kiasi cha vikombe viwili tu, nafunika kwa majani ya mgomba nikiyapata na kwa sufuria nyingine nisipoyapata, naziacha ziive kwa mvuke, moto mdogo. Harufu yake inajua kumwamsha mtoto mmoja hasa, ambaye huja jikoni kudai kuonja. Zinatosha mpaka Jumatano. Jumatano jioni napitia kwa mama wa Makongeni.

Yeye huenda soko la Madaraka alfajiri kununua mzigo, na hununua kwa kadiri ya watu anaowatarajia. Aliniambia juzi kwamba shida yake kubwa ni kutojua watakuja wangapi. Akipika nyingi anabaki nazo, akipika chache anakosa pesa ya kulipia makaa. Ndiyo sababu nakuomba usingoje mpaka kesho ufike kwake na shilingi zako. Kwenye steji yako, kwenye lango lako, yuko mama kama huyo. Mpitie leo jioni unaporudi, umwambie utahitaji ngapi na saa ngapi, ukiweza umwachie nusu ya malipo, ili akienda sokoni alfajiri awe anakuhesabu.